Orodha ya Waliosema

Mji wa Baraka, saa tisa mchana

Neema, mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na najua atakushikilia huko mpaka jioni, maana yule mtu hajui kuaga kwa dakika kumi. Begi lako liko hapa mlangoni, limefungwa kamba. Kesho alfajiri boti inakupeleka Uvira, na kutoka Uvira utapanda gari mpaka Bukavu, ukaanze chuo kikuu. Kuhusu dawa ya malaria, kuhusu kuchemsha maji, kuhusu wanaume, sitakuandikia neno. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamekuwa sugu. Kuna jambo moja tu ambalo sikukuambia miaka yote hii, na nimeliacha mpaka siku ya mwisho kwa sababu mama yako ni mwoga. Haya, nimeshalisema hilo, sasa niendelee.

Ulipokuwa na miaka kumi na nne uliniuliza kwa nini niliacha kufundisha chuoni nikaenda kuuza mafuta ya mawese sokoni. Nilikujibu kwamba serikali hailipi. Ni kweli hailipi, lakini ilikuwa hailipi tangu zamani, na nilikuwa nafundisha hivyo hivyo. Ulinitazama, ukaenda kuchota maji. Ulijua nimekudanganya, nami nilijua kwamba umejua. Leo nakujibu.

Kabla ya vita ya kwanza nilifundisha kozi ya namna ya kufanya utafiti, katika chuo kidogo cha hapa hapa kwetu. Kilikuwa na vyumba vitatu na sanduku moja la mbao. Ndani ya sanduku mlikuwa na majarida ya wasomi, yale tuliyoyaita marevi, ambayo nilikuwa nimeyabeba kutoka Lubumbashi nilikosoma. Mengine mende walikuwa wameyala pembeni. Wanafunzi wangu waliyaogopa. Walidhani makala iliyochapishwa ni kama Neno la Mungu, mtu anainamisha kichwa anasema amina. Walikuwa wanayanakili neno kwa neno, hata makosa ya mashine.

Nikawaambia, hii si Biblia, hii ni ugomvi. Hawa watu wanagombana, ila wana adabu, wanagombana kwa karatasi. Tafuteni nani anamjibu nani. Niliwafundisha kuanza kusoma kutoka chini, kwenye yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa, kwa sababu pale ndipo mwandishi anapofungua mfuko wake ukaona kilichomo: habari hii ameitoa kwa nani, wapi, lini. Na kila walichoandika wao nilikiandikia pembeni kwa kalamu ya bic nyekundu, Nani alisema? Wakanipachika jina, Madame Nani-Alisema. Hata watoto wa sokoni waliniimbia nikipita. Nililipenda jina lile, Neema. Nilitembea nalo kifua mbele.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, nitamwita Wilondja, ingawa sivyo alivyoitwa. Kijana wa kijiji kimoja cha ufukweni, mkimya, vidole vyake vikinuka ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu alivua na kusoma kwa pamoja. Siku moja tulikuwa tunasoma makala ya mtaalamu wa mbali kuhusu ng'ombe wa milima hii ya juu yetu. Mtaalamu aliandika kwamba watu wa ziwani na wafugaji wa milimani hawajawahi kuwa na jambo lolote pamoja isipokuwa ugomvi. Wilondja akainua mkono.

"Madame, huyu muntu hakuuliza baba yangu."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, nikamwambia aendelee. Akaeleza kwamba baba yake alikuwa na ng'ombe wawili kule juu, anatunziwa na mzee mmoja mfugaji tangu yeye Wilondja hajazaliwa. Maziwa anakunywa mtunzaji, ndama wanagawana, na mzee akishuka siku ya soko analala kwao, anapewa kitanda cha baba. Na si baba yake peke yake, kijijini walikuwa wengi wenye urafiki wa namna ile. Nikamwambia, "Basi mujibu. Andika." Ile ndiyo siku yangu bora katika ualimu wote, na nakuomba uiweke hivyo moyoni, ingawa mengine yanakuja.

Aliandika mwaka mzima. Alipanda milima kwa miguu, akarudi na malengelenge na madaftari. Makala ikawa nzuri, ya kumshika yule mtaalamu koo kwa heshima. Sasa, wewe unaijua desturi yetu sisi wasomi wa nchi hii, kwamba mwisho wa kazi lazima kuwe na orodha ya watoa habari: jina, umri, kazi, kijiji, siku ya mazungumzo. Wilondja alinijia na mikono mitupu.

"Madame, bazee banauliza juu ya nini majina yabo inaingia mu karatasi."

Wazee waliuliza kwa nini, na unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, bila jina ni umbea. Nikamrudisha. Akaja na majina ya ubatizo tu. Nikamrudisha tena, nikitaka jina kamili, kijiji na mtaa, na pembeni yake jina la rafiki yake wa milimani. Safari ya tatu alileta yote, akayaweka mezani bila kunitazama. Alikuwa ameyapanga kwa urafiki, huyu na mtunzaji wake, huyu na mtunzaji wake. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyopanga watoto, nikayapanga upya mwenyewe kwa alfabeti, na kila jina nikalipa namba. Tukaichapa kwa stensili katika jarida la chuo, toleo la kwanza, na la mwisho.

Vita ilikuwa inakuja. Unakumbuka redio iliyokuwa haizimwi, na jinsi watu walivyoanza kuulizana fulani ni wa nani, fulani anakula na nani. Mimi nilisikia nikadhani ni maneno ya sokoni. Basi asubuhi moja akaingia chuoni mkubwa mmoja wa wanaume wenye bunduki. Sikuandikii alikuwa wa kundi gani. Hapa yamepita makundi mengi, na kila moja lina wajomba ambao bado wako barabarani. Alivua kofia. Alinisalimia kwa Kifaransa kizuri, akasema alisoma miaka miwili kabla maisha hayajamtupa porini, na kwamba anatamani vitabu.

Neema, tangu nianze kufundisha hakuna mtu aliyewahi kuingia chumba kile akiomba kusoma bila mtihani kumsukuma. Nilimfutia kiti vumbi kwa kitenge changu. Alichukua jarida letu, akasoma makala ya Wilondja mwanzo hadi mwisho, bila haraka, kidole kikifuata mistari. Aliniuliza maswali ambayo wanafunzi wangu hawakuwahi kuniuliza. Kisha akafika ukurasa wa mwisho.

"Na hii ya mwisho, Madame, inasomwa aje?"

Nikamfundisha. Nilisogeza kiti changu karibu na chake nikamwonyesha kwa kidole, hapa ni jina, hapa umri, hapa kijiji na mtaa, na hii namba inakurudisha ukurasa ule aliposema jambo lake. Alielewa upesi. Nilimwambia ana kichwa kizuri, ni hasara kwamba hakumaliza masomo. Akacheka kidogo, akaomba kuazima. Nikamtolea daftari la maktaba, akasaini jina, cheo na siku, kwa mwandiko safi wa mtu aliyekaa darasani. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikakusimulia wewe wakati tunachambua sombe, majani ya mihogo. Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Uliniuliza kama atarudi tena, nikasema Mungu akipenda.

Watu wake walikwenda kijijini kwa akina Wilondja siku ya soko, wafugaji wakiwa wameshuka. Walionusurika walinisimulia baadaye kwamba mmoja alikuwa na karatasi mkononi, anaita majina. Hawakwenda nyumba kwa nyumba kama wezi wanavyokwenda. Walianza nyumba ya upande wa bandari, wakavuka kijiji chote mpaka mwisho wa mashamba ya mihogo, wakarudi katikati, wakaenda tena bandarini. Watu walishangaa sana mwendo ule na hawakuuelewa. Mimi niliposimuliwa niliuelewa pale pale. Walikuwa wanafuata alfabeti.

Wenye majina ya mwanzo hawakupata nafasi hata ya kuvaa viatu. Wenye majina ya mwisho walisikia kelele, wakapata muda wa kukimbilia majini. Baba yake Wilondja alikuwa katika wale wa mwanzo, na mzee mfugaji alikuwa amelala kwenye kitanda chake, kama miaka yote. Wilondja mwenyewe alikuwa ziwani.

Ninaweza kusema sikujua. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na haijanisaidia hata siku moja, maana wazee walijua. Waliuliza mara tatu. Walikuwa wanaisoma nchi yao vizuri kuliko mimi nilivyosoma revi zangu, nami niliyewafundisha wengine kuuliza, nilipoulizwa nilijibu kwa bic nyekundu. Naona aibu, mwanangu. Imepita miaka nane na bado nikisikia mtu anaitwa jina lake kamili sokoni, nageuka kutazama ni nani anayeita.

Tulipokimbilia ng'ambo, kambini kule upande wa Kigoma, alikuja mgeni kwenye hema letu. Nadhani unamkumbuka, ulimpa maji ya kunywa, akakataa kukaa. Yule ndiye Wilondja. Nilikuwa nimetafuta maneno ya kumwambia kwa miezi mingi. Yeye aliniuliza swali moja tu.

"Madame, unafundishaka bado?"

Nikasema hapana, hapa kambini hakuna chuo. Akasema, "Muzuri." Akamaliza maji, akakurudishia kikombe kwa mikono miwili, akaenda. Tuliporudi Baraka na chuo kikafunguliwa, walinitumia mtu mara mbili nirudi kazini. Nikanunua pipa la mawese.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jumapili iliyopita ulinipa daftari lako nisahihishe, lile la mazungumzo uliyoyafanya na watu wa kijiji cha Swima kuhusu yaliyowapata katika vita hizi mbili, unalotaka kwenda kulifanyia kazi Bukavu. Nilifungua sanduku nikatafuta bic nyekundu. Neema, unaandika vizuri kuliko mimi, na sisemi kwa sababu nimekuzaa. Unasikia watu. Sehemu ya yule anayeeleza jinsi walivyozima moto wa kupikia ili wasionekane, niliisoma nikiwa nimesimama. Nikafika mwisho. Nikakuta majina kumi na moja, umri, kijiji, mtaa, siku. Kwa alfabeti. Sikuwahi kukufundisha, ulijifunza kwa kukaa chini ya meza yangu nikiwasomesha wengine. Pembeni ya kila jina, nani amemtaja nani kwa tendo gani.

Sikukusahihisha. Nilikuambia ni kazi nzuri, nikarudisha daftari. Jumanne nikakuambia naenda Swima kutafuta mawese. Sikutafuta mawese. Nilikwenda nyumba kumi na moja, nikafanya jambo ambalo Madame Nani-Alisema hakuwahi kulifanya katika maisha yake. Nilimuuliza kila mtu kama anataka jina lake liwe kwenye karatasi.

Baadhi walinitazama kama mjinga. Fundi wa nyavu aliniambia alidhani wewe unaandika ili usisahau, kama mtu anavyoandika vitu vya kununua, hakujua kwamba daftari linakwenda mjini. Mama mmoja alianza kulia kabla sijamaliza kuuliza, akanishika mkono, akasema futa, mama, futa leo. Watu kumi walisema hivyo, kila mmoja kwa namna yake. Wa kumi na moja ni yule bibi unayempenda, mwenye meno mawili. Alifikiri, akatema ugoro.

"Mimi muniandike, lakini nikiisha kufa. Halafu muniandike kwa herufi kubwa."

Tulicheka naye mpaka nikasahau nilichokuja kufanya. Kisha nikapanda boti kurudi, na njiani watu hawakuzungumza habari nyingine isipokuwa bariyeri za Uvira, vile vizuizi vya ukaguzi. Askari wanafungua mabegi pale bandarini. Nguo hawazitazami sana. Wanatafuta karatasi. Mwalimu mmoja wiki iliyopita walimchukua na madaftari yake, na madaftari hayakurudi, wala yeye.

Na kuna jingine, ambalo ningependa lisingekuwepo. Wanasema vita imekwisha, wakubwa wanagawana ofisi. Yule niliyemfutia kiti amepata yake, na iko Bukavu. Nilimsikia redioni mwezi uliopita, sauti ile ile ya adabu, akisema anapenda vijana wasome na kwamba yeye hutembelea vyuo vikuu mara kwa mara kuona wanaandika nini. Nilizima redio nikakaa mpaka sombe ikaungua. Uliniuliza nina nini, nikasema kichwa.

Basi nisikie. Leo asubuhi ulipokwenda kufua, nilifungua begi lako, nikachukua wembe, nikakata ukurasa wa mwisho wa daftari. Pia nimepitia kurasa nyingine zote na kila palipo na jina nimepafuta mpaka karatasi ikatoboka. Maharagi uliyokula mchana, ukayasifu, moto wake niliuwasha kwa ukurasa ule. Nimekuibia kazi yako bila kukuuliza, mimi niliyetoka Swima juzi nikijisifu kwamba nimejifunza kuuliza. Ukitaka kunikasirikia, una haki. Nikasirikie sana, ukiwa umefika salama.

Majina hayajapotea. Nimeyakariri yote kumi na moja na utayakariri nami leo jioni wakati tunaosha vyombo, kama ulivyokuwa unakariri tenzi za kanisani. Katika kazi yako waite upendavyo, mvuvi mmoja, mama mmoja wa pwani ya ziwa. Profesa wako atakuandikia pembeni kwa nyekundu, nani alisema? Ni kazi yake, usimchukie. Mjibu kwamba unamjua aliyesema, na kwamba amekuomba usimtaje. Akikupunguzia alama, pokea alama chache. Lakini andika. Ile makala ya mtaalamu wa mbali bado iko maktabani kule, bado inasema hatujawahi kuwa na jambo pamoja isipokuwa ugomvi, na Wilondja aliyeijibu hataijibu tena. Mimi sikukulea unyamaze.

Jina moja tu sikulichoma wala sitalichoma. Daftari la maktaba nililibeba tulipokimbia, chini ya nguo zako, na wewe ulilalamika kwamba mzigo ni mzito. Liko bado. Nitakuonyesha kwa macho lilipo, sitaandika. Siku ile ya saini imo, na jarida lililoazimwa limo, na mahali pa kuandika siku ya kurudishwa ni patupu. Siku nchi hii ikipata watu wa kuliuliza daftari lile, litajibu lenyewe, na kama mimi sipo wewe utakuwepo.

Barua hii nitakupa mkononi ukirudi. Isome hapa hapa, kisha uitie jikoni, makaa bado yapo. Usiibebe.

Ninakupenda, Neema. Ninaogopa, na ninakuacha uende, yote mawili kwa pamoja, na sijui nimeyawezaje. Kule unakokwenda, siku moja mtu atakuja aketi mbele yako. Atavua kofia, atakusalimia kwa Kifaransa kizuri, ataomba kusoma ulichoandika. Usitetemeke, usikimbie. Mfutie kiti kama mama yako alivyomfutia. Mwache asome kila neno mpaka atosheke. Ila akifunua ukurasa wa mwisho, asikute mtu.

Mama yako